Sifa za difensi ya Thunder zimefika, ila wanasifia mikono na kusahau miguu

Mkabaji wa Majengo, Moshi (mleta uzi)

Wakuu, salaam. Wa Moshi, wa Arusha na popote mlipo mnaokesha na kikapu, karibuni.

Tangu Oklahoma City Thunder wabebe ubingwa wa NBA Juni 2025, sifa za difensi yetu hazikauki. Watangazaji na wachambuzi wa Marekani ambao miaka michache nyuma walikuwa hawaitaji kabisa timu hii, sasa kila mmoja ana la kuisifia. Ukifungua simu ni video za mipira iliyoporwa tu: Alex Caruso kapora, Cason Wallace kapora, Lu Dort kambana mtu mpaka katoka nje ya mstari. Nafurahi sana. Sifa hizi ni haki yao, na zimechelewa.

Lakini nina dukuduku. Wanasifia mikono. Mpira kuporwa ni hatua ya mwisho ya kazi iliyoanza sekunde kadhaa nyuma, ikafanywa na miguu ya watu ambao kamera wala haiwaangalii. Nimeleta uzi huu kwa sababu vijana wetu hapa Moshi wanaziangalia zile video, na kesho yake wakija uwanjani kila mmoja anataka kupora. Wanarusha mikono, wanapitwa, wanabaki kumlalamikia refa. Difensi ya Thunder haiko hivyo hata kidogo.

Ngoja nieleze ninavyoiona.

Mpinzani akija na mpira, anakuta Dort au Wallace amempokea mbali, karibu na mstari wa kati. Hapo hawataki kumpora. Wanamla muda. Ana sekunde 24 za kurusha, na kadhaa kati ya hizo zinaishia kwenye kudunda tu huku kifua cha Dort kinamfuata. Ndipo anaitisha skrini, mwenzake mrefu anakuja kusimama njiani ili Dort anase. Dort hanasi kirahisi, anajipenyeza juu ya skrini na kuendelea kumfukuza. Wakati huohuo kuna mtu wa Thunder upande wa pili wa uwanja, ambaye anayemkaba amesimama kona bila mpira. Huyo ameshamwacha mtu wake na kuingia ndani hatua mbili tatu. Mwenye mpira akiinua macho haoni njia ya kwenda rimuni. Kilicho wazi ni pasi ya kona, nayo ni ndefu, inavuka vichwa vya watu. Thunder wanajua iko wazi. Wameiacha makusudi. Kwao ni afadhali urushe tatu ya kona, yaani mrusho wa mbali wa pointi tatu, baada ya pasi ndefu ya juu kuliko uingie chini ya rimu.

Pasi ile ikiwa hewani, watu watatu wanakimbia kwa pamoja. Mmoja anaenda kwa mpokeaji, wa pili anaziba alipotoka wa kwanza, wa tatu anaziba alipotoka wa pili. Mara nyingi mpira unaoporwa ni huo. Caruso anaunyaka, kamera inamkuta Caruso, mtangazaji anapaza sauti kwa jina la Caruso. Aliyeingia ndani hatua mbili na kuifanya pasi iwe ndefu hatajwi.

Ushahidi wangu wa kwanza ni Novemba 2024. Chet Holmgren, mrefu wetu wa sentimita 216, alivunjika mfupa wa nyonga. Isaiah Hartenstein, aliyesajiliwa katikati ya mwaka ule kutoka New York, alikuwa bado nje kwa mkono uliovunjika. Timu ikabaki bila mrefu. Jalen Williams, mchezaji wa pembeni asiyefika mita mbili, ndiye akawa anaruka kugombea mpira wa kuanzia na kukabana na masenta. Timu nyingine ingeporomoka hapo. Wao waliendelea kukaba na kushinda, kwa sababu difensi yao haikuegemea kwa jitu moja lililosimama chini ya rimu.

Wa pili ni Aprili 2025, mchezo wa tatu wa raundi ya kwanza ya mtoano, kule Memphis. Thunder walifika nyuma kwa pointi 29. Memphis walikwenda mapumziko wakiwa na pointi 77. Robo mbili zilizobaki, kwenye uwanja wao, mbele ya watu wao, wakapata 31 tu. Ja Morant, nyota wao, aliumia akatoka, na hilo lazima lisemwe kwa haki. Lakini pointi 31 kwa robo mbili! Mwisho 114 kwa 108, Thunder wameshinda. Niliirudia ile robo ya tatu na kuzima sauti ya mtangazaji, nikawa natazama watu wasio na mpira peke yao. Fanyeni hivyo, mtaona mchezo mwingine kabisa.

Wa tatu ndio ninaoupenda kuliko wote: mchezo wa saba wa raundi ya pili dhidi ya Denver, Mei 18, 2025. Kocha Mark Daigneault alimpa Caruso kazi ya kumkaba Nikola Jokić. Caruso ana sentimita 196, Jokić ana 211, na kwa uzito hawalingani kabisa. Vyombo vya habari viliandika ushujaa wa Caruso, na kweli ni shujaa. Ila tazameni alikuwa anasimama wapi. Alikaa mbele ya Jokić, kati yake na mpira, ili asipokee. Pasi ikirushwa juu ya kichwa cha Caruso, nyuma kuna Holmgren au Hartenstein anaingoja. Bila huyo wa nyuma, Caruso angefungwa usiku kucha. Mchezo uliisha 125 kwa 93.

Hata tuzo zilipata shida na timu hii. Mkabaji bora wa msimu ule alikuwa Evan Mobley wa Cleveland. Dort aliingia kikosi cha kwanza cha wakabaji bora, Jalen Williams cha pili, na Caruso hakufikisha michezo 65 inayotakiwa ili kufikiriwa. Sioni dhuluma hapo. Kwenye difensi kama hii ni vigumu kumnyooshea kidole mmoja.

Timu hii nilianza nayo mwaka 2012, Hasheem Thabeet aliposaini. Mtoto wa Dar es Salaam, Mtanzania wa kwanza kucheza NBA. Pale alimkuta Serge Ibaka wa Brazzaville, aliyekuwa anaongoza ligi nzima kwa bloku, yaani kuzuia mpira uliorushwa, na Thabo Sefolosha, Mswisi ambaye baba yake ni wa Afrika Kusini, kazi yake ikiwa kumkaba mfungaji mkali wa upande wa pili. Watu wengi waliiangalia timu ile kwa ajili ya Kevin Durant na Russell Westbrook. Mimi nilivutwa na wakabaji. Kisha ikaja miaka ya njaa. Desemba 2021 Memphis waliwafunga Thunder 152 kwa 79, tofauti ya pointi 73, ambayo haikuwahi kuonekana NBA. Msimu ule ulikwisha na ushindi 24 na kufungwa 58. Msimu wa ubingwa walishinda 68, wakafungwa 14, na wastani wa tofauti ya pointi kwa mchezo ulikaribia 13, mkubwa kuliko wa timu yoyote kabla yao. Memphis haohao walipigwa 131 kwa 80 mchezo wa kwanza wa raundi ya kwanza.

Kwa hiyo sifa zije. Ila zisifie kitu chenyewe.

Nawasilisha. Karibuni, hasa wenye hoja tofauti.

---

Chalii wa Sakina

Aisee mkuu umeandika. Mimi ni wa Thunder pia na nakuunga mkono kwenye hiyo ya watu watatu kukimbia pamoja.

Ila kuna hoja ya mashabiki wa Denver na Minnesota ambayo hujaigusa, na tusipoijibu tutaonekana tunakwepa. Wanasema Dort na Caruso wanashikashika kila tukio, wakijua refa hawezi kupuliza yote. Na baadhi ya wachambuzi walewale wanaosifia difensi wanasema hivyohivyo. Unajibuje?

---

Mkabaji wa Majengo

Chalii yangu, swali zuri. Jibu langu ni kwamba baadhi ni faulo kweli na zinapitishwa. Timu inayokaba kwa nguvu dakika zote 48 itagusa watu, na refa ana macho mawili.

Lakini tenganisha vitu viwili. Kuna kumgusa mtu kwa kifua ukiwa umefika mbele yake mapema, miguu imetulia. Na kuna kumshika kwa mkono kwa sababu miguu imechelewa. Cha kwanza ndicho wanachokifanya zaidi. Dort ana mwili mpana na anafika kabla yako, kwa hiyo wewe ndiye unayemgonga. Ukitaka kujua kama mkabaji anaiba kwa refa, usiangalie mkono umegusa wapi. Angalia alifika saa ngapi.

---

Dada wa Rau

Salaam kwenu nyote. Mimi nilicheza kikapu shule ya sekondari na sasa nawasimamia mabinti jioni jioni hapa Moshi.

Kaka wa Majengo, umetaja miguu, nakubali. Hujataja mdomo, na mimi ndicho ninachokiona kwanza. Watu watatu hawawezi kukimbia kwa pamoja kama hakuna anayeongea. Ukisikiliza rekodi ambazo sauti za uwanjani zinanaswa, Thunder hawanyamazi. Aliye nyuma ndiye anayeona kila kitu, kwa hiyo yeye ndiye macho ya aliye mbele. Skrini inakuja kulia, anasema kulia. Mtu kamkimbia nyuma, anasema nimemchukua, baki na wako. Dort anapojipenyeza kwenye skrini bila kunasa, kuna mtu alimwambia mapema kwamba inakuja. Mgongoni hana macho.

Kwa mabinti hili ndilo gumu kuliko kukimbia. Wengi wamelelewa kwamba msichana mwenye adabu hapazi sauti mbele za watu. Unamweka nyuma kwenye zoni, yaani kukaba eneo badala ya mtu, anaona kila kitu, anajua kabisa mpira unakwenda wapi, na hasemi. Mwenzake anagongwa na skrini mpaka anaanguka. Nimekuwa nikiwaanzisha kwa maneno manne tu: kulia, kushoto, msaada, nimemchukua. Hakuna kuchuja, hakuna kusema samahani. Asiyesema anatoka anaingia mwingine, hata kama ndiye mrefu wetu kuliko wote. Yupo mmoja alikuwa anaongea kwa kunong'ona, sasa anasikika mpaka barabarani, na timu nzima imebadilika kwa ajili ya sauti yake. Hafungi pointi nyingi. Ila mimi siwezi kumtoa.

Kwa hiyo ukiandika tena, andika miguu na mdomo.

---

Mkabaji wa Majengo

Dada, umenena. Naandika miguu na mdomo kuanzia leo. Na hilo la kumtoa asiyesema nalichukua kama lilivyo.

---

Kocha wa Kaloleni

Habari zenu. Mimi nipo Arusha, na nitakuwa upande mwingine kidogo.

Naipenda difensi. Ila uzi huu unataka kuisahau nusu ya pili ya uwanja. Shai Gilgeous-Alexander alimaliza msimu akiwa mfungaji bora wa ligi, wastani wa pointi 32.7, akawa MVP, yaani mchezaji bora, wa msimu na wa fainali. Mchezo wa nne wa fainali dhidi ya Indiana Pacers, kule kwao, Thunder walikuwa karibu kuwa nyuma tatu kwa moja. Nani aliwaokoa? Shai alifunga 15 ndani ya dakika tano za mwisho.

Halafu kuna jambo la kiufundi ambalo waandishi wanalipita na mleta uzi pia amelipita. Thunder ni miongoni mwa timu zilizopoteza mpira kidogo kabisa msimu ule. Usipopoteza mpira, mpinzani hapati kukukimbiza ukiwa umegeuka. Unarudi, unapanga, unamngoja. Difensi nzuri huanzia kwenye kutunza mpira ukiwa unashambulia. Mkitaka kusifia kitu kilichosahauliwa, hicho ndicho kilichosahauliwa.

Na kwa watoto wetu: mtoto wa miaka 12 anakuja uwanjani kwa sababu anataka kuona mpira unapita kwenye rimu. Ukimwanzishia miguu na kuhama pembe, mwezi haujaisha ameshaenda kwenye mpira wa miguu. Mimi naanza na kurusha. Akishaupenda mchezo, ndipo namwambia habari za kukaba.

---

Mkabaji wa Majengo

Kocha, heshima yako. La kutunza mpira nalikubali lote, tena linaongeza nguvu kwenye hoja kwamba difensi si ya mtu mmoja. Hata anayeshambulia anakaba, kwa kutopoteza.

La mchezo wa nne nina neno. Ni kweli Shai alifunga 15 zile. Lakini fungua robo ya nne yote. Thunder waliianza wakiwa nyuma 87 kwa 80, wakashinda 111 kwa 104. Maana yake Indiana, timu iliyokuwa inakimbia na kufunga kuliko karibu kila mtu, ilipata 17 tu robo nzima. Kama wangepata 27, hizo 15 za Shai zingekuwa takwimu za mtu aliyefungwa.

La watoto siwezi kukubishia, wewe una uzoefu wa huko. Ila sidhani lazima iwe kimoja kwanza kingine baadaye. Mtoto anapenda kushinda. Mwonyeshe kwamba alizuia mtu asifunge na timu ikashinda kwa ajili hiyo, uone kama hatarudi.

---

Mgeni Mianzini

Samahani wakuu, mimi ni mgeni kwenye kikapu, nimekuja kupitia mdogo wangu. Hiyo skrini inaruhusiwaje wakati mtu anamzuia mwenzake njia? Kwenye mpira wa miguu ungepigiwa filimbi.

---

Chalii wa Sakina

Inaruhusiwa ukisimama umetulia. Ukifika, ukaganda, mkabaji akakugonga, hilo ni lake. Ukisogea wakati anapita, au ukimsukumia kiuno, ni faulo yako. Karibu sana kwenye kikapu, na mdogo wako mlete humu.

---

Bado Pacers, Tengeru

Naomba nisikike na mimi wa upande wa pili.

Mchezo wa kwanza wa fainali, kulekule Oklahoma. Indiana walipoteza mpira zaidi ya mara 20. Kwa hesabu ya hao wachambuzi wenu, difensi iliyopora namna ile ilitakiwa kushinda kwa 30. Thunder waliongoza kwa 15 robo ya nne. Tyrese Haliburton akarusha zikiwa zimebaki sekunde 0.3, ikaingia, 111 kwa 110. Indiana waliongoza mchezo mzima kwa hizo sekunde 0.3 tu, na zikatosha.

Na mchezo wa saba Haliburton alikatika mshipa wa kisigino robo ya kwanza, wakati alikuwa ameanza moto. Mapumziko Indiana walikuwa mbele 48 kwa 47 bila yeye. Siwanyimi Thunder ubingwa wao. Ila mkisema difensi ilishinda mchezo ule, mtajeni na yeye.

---

Mkabaji wa Majengo

Ndugu yangu wa Tengeru, namtaja kwa heshima zote. Nilipomwona Haliburton ameanguka anapiga sakafu kwa mkono, furaha yote ya kuisubiri ile mechi iliniishia kwa muda. Hakuna shabiki wa kweli aliyetaka mchezo wa saba uende vile. Na Indiana walipigana mpaka mwisho wakiwa hawana kiongozi wao, T.J. McConnell akawaweka hai.

Mchezo wa kwanza uliousema ndio ushahidi mkubwa kuliko wote kwenye uzi huu, na ningeuweka mwenyewe juu kabisa. Indiana walipoteza mpira zaidi ya mara 20, na bado Thunder wakafungwa. Kupora hakukutosha! Robo ya nne ile Thunder walichelewa kufika kwa warushaji mara kadhaa, Indiana wakarusha tatu wakiwa na nafasi, na uongozi ukayeyuka. Mchezo wa saba, robo ya tatu, ilikuwa kinyume: kila aliyeingia ndani alikuta mtu, kila aliyetoka nje alifuatwa. 34 kwa 20. Holmgren alimaliza na bloku tano, na nyingi zilitokea kwa sababu aliyekuwa mbele alimsukuma mshambuliaji kuelekea upande ambao Chet yupo.

---

Mkesha Ngarenaro

Mimi nachangia la mkesha tu. Mechi nyingi za fainali zilikuwa zinaanza saa tisa na nusu usiku, ule wa saba saa tisa, usiku wa kuamkia Jumatatu. Bando la usiku ndilo lililotuokoa. Sisi watatu kwenye chumba kimoja, simu moja, na saa mbili asubuhi kila mtu kazini kwake. Robo ya tatu nilikuwa nimesimama, sikuweza kukaa.

---

Mzee wa Kibosho

Wanangu, nawasalimu.

Nimesoma mpaka hapa kwa furaha kubwa, na nimeguswa kwamba kijana wa Majengo amemtaja Hasheem. Nina la kusema kuhusu hao waandishi wanaosifia ukabaji leo.

Hasheem Thabeet alipokuwa chuo kikuu cha Connecticut, alikuwa mkabaji bora wa ligi yao ya Big East miaka miwili mfululizo, 2008 na 2009, na mwaka wa pili akashirikiana na mwingine tuzo ya mchezaji bora. Urefu wake sentimita 221. Kwenye uchaguzi wa wachezaji wapya wa NBA mwaka 2009, Memphis wakamchukua wa pili. Wa tatu alichukuliwa na hao hao Oklahoma City, naye ni James Harden. Tangu hapo, kila vyombo vya habari vinapoandika kuhusu waliochaguliwa juu wakashindwa kufikia matarajio, jina la kijana wetu halikosekani. Wanapima pointi alizofunga. Hakuna anayeuliza mchezo wenyewe ulikuwa unakwenda wapi wakati ule.

Ulikuwa unatoka nje. Timu zilikuwa zinaanza kurusha tatu kuliko zamani, na mrefu aliyefundishwa kulinda rimu akawa anavutwa mpaka juu ya mstari, mahali ambapo urefu hausaidii kitu kama miguu haijazoea. Hasheem alianza kikapu akiwa tayari kijana mkubwa, si mtoto. Hakuwa na miaka ya kujifunza miguu. Holmgren ni mrefu karibu kama yeye, lakini amekulia kwenye mchezo huu mpya, anaweza kumfuata mwenye mpira nje na kurudi ndani. Na ana wenzake wanne wanaomsaidia kwa mtindo aliousimulia mleta uzi. Mimi huwa najiuliza Hasheem wa mwaka 2009 angekuwaje angeangukia kwenye difensi kama hii.

Kwa hiyo sifa za waandishi nazipokea, lakini nazipima. Kidole kimoja hakivunji chawa, na wao bado wanaandika habari za kidole.

---

Dada wa Rau

Shikamoo mzee. Nimesoma mara mbili. Mabinti zangu wengi hawajui kabisa kwamba Mtanzania alichaguliwa wa pili NBA. Jioni nitawasomea hii kabla ya mazoezi.

---

Mzee wa Kibosho

Marahaba mwanangu. Wasomee, na uwaambie alikuwa anakaba.

---

Kocha wa Kaloleni

Mzee, shikamoo. Umenifikirisha kuhusu hilo la miguu kuanza mapema. Kama kuchelewa kujifunza miguu kunamgharimu mtu wa sentimita 221, basi mtoto wetu wa kawaida kunamgharimu zaidi. Bado sitaacha kuanza na kurusha. Ila nitakubali vyote viwili viende siku moja.

Mkabaji, nipe zoezi moja la kukaba ambalo watoto hawatalichoka. Moja tu, nilijaribu Jumamosi.

---

Mkabaji wa Majengo

Kocha, chukua hili. Wanne kwa wanne, nusu uwanja. Washambuliaji wanne wanasimama nje ya mstari wa tatu, wawili juu, wawili kona. Hawaruhusiwi kudunda wala kurusha, ni kupasiana tu kwa dakika moja. Kila pasi ikitoka, wakabaji wote wanne lazima wawe wamehama kabla haijapokelewa: wa kwenye mpira anasogea karibu, wa pembeni yake anaingia nusu njia, wawili wa mbali wanaingia ndani mpaka mguu mmoja uguse eneo la rangi, lile lililopakwa mbele ya rimu. Na kila mmoja anasema yupo wapi, kama dada alivyofundisha.

Dakika ikiisha, unapuliza, na hapo ndipo wanaruhusiwa kucheza kweli, kudunda na kurusha. Wakabaji wakizuia, wanapata pointi mbili na wanabaki. Wakifungwa, wanatoka. Wanaokaba ndio wanaohesabiwa pointi, wanaoshambulia hawana. Watoto wataanza kugombea kukaba, nakuhakikishia. Kwa wadogo punguza iwe sekunde 30, wasichoke kabla ya kufika kwenye utamu.

Kitu kimoja tu cha kuangalia: aliye mbali na mpira. Atataka kubaki amesimama na mtu wake kwa sababu anaogopa kufungwa yeye. Mwite jina, mwambie aingie. Akiingia na pasi ya kona ikapita ikafungwa, usimlaumu hata kidogo, mwulize mwenzake aliyetakiwa kutoka kwenda kona.

Na kama utaweza kuleta vijana Moshi mwisho wa mwezi, sisi tupo. Dada wa Rau, na mabinti waje, tucheze kwa hesabu hiyo hiyo ya pointi za kukaba.

---

Dada wa Rau

Tupo. Ila refa asiwe wa Majengo wala wa Kaloleni.

---

Kocha wa Kaloleni

Nakuja na kumi na wawili, mabasi ya asubuhi. Mipira tunayo minne, ongezeni ya kwenu. Jumamosi nikishajaribu hilo zoezi nitarudi humu kueleza lilivyokwenda.